Bibi Hasemi Uongo

Safari hii ukurasa wetu wa afya unaanza na ugomvi wa uji.

Mama mmoja, ambaye mmoja wetu anasali naye katika jumuiya ndogo ndogo, anamtunza mama mkwe wake. Kila asubuhi humpikia uji wa ulezi, humkalisha mkekani chini ya mwembe, humpa bakuli mkononi na kumngojea mpaka amalize. Siku moja, bakuli likiwa limekwisha oshwa na kuanikwa kichanjani, akapita jirani kusalimia. Bibi akamwambia: "Mwanangu, tangu kumekucha sijatia kitu kinywani. Hapa nyumbani mbwa ananishinda." Jirani hakuuliza neno. Alitikisa kichwa, akaenda zake, na kabla ya saa sita mchana habari ilikuwa imefika kisimani. Jioni mume akapiga simu kutoka mjini anakofanya kazi, akaomba kusema na mama yake. Mama akamwambia yale yale. Basi yule mke akatukanwa kwa simu, watoto wake wakisikia.

Kisa hiki si cha nyumba moja. Tumekisikia mara nyingi kwa sura mbalimbali, na kila mahali watu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema mkwe ni mkatili, anamshindisha mzee njaa. Kundi la pili husema bibi ni mwongo na mchonganishi. Hoja yao hujui uijibuje: "Bibi anakumbuka mahari aliyotolewa, mbuzi kwa mbuzi. Anakumbuka majina ya mafundi waliojenga kanisa. Atashindwaje kuukumbuka uji wa leo?"

Maoni yetu ni kwamba makundi yote mawili yamekosea. Mkwe si mkatili na bibi si mwongo. Bibi anasema kweli yote aliyo nayo. Tatizo liko katika namna kichwa cha binadamu kinavyopokea mambo na kuyaweka, na tunaomba mtuvumilie tulieleze kwa kirefu kidogo, kwa sababu hoja ile ya mahari na uji inajibika.

Wengi wetu hudhani kumbukumbu ni kama debe moja. Ukitia kitu kinakaa, na debe likitoboka vyote vinavuja pamoja. Sivyo ilivyo. Mwaka 1968 wataalamu wawili wa Marekani, Richard Atkinson na Richard Shiffrin, walitoa maelezo ambayo hata leo yanafundishwa vyuoni, kwamba jambo tunalolikumbuka hupita vituo vitatu. Wengine waliokuja baadaye wameyarekebisha maelezo hayo, hasa Alan Baddeley na Graham Hitch wa Uingereza mwaka 1974, lakini kwa shida yetu ya uji vituo vitatu vinatosha. Fikirini safari ya mahindi: yanatoka shambani, yanafikia uani kwa kupukuchuliwa, na mwishowe yanaingia ghalani.

Kituo cha kwanza ni milango ya fahamu yenyewe, macho na masikio na mingineyo. Sote tulipokuwa watoto tuliwahi kuchukua kijinga cha moto usiku na kukizungusha kwa kasi, tukaona duara zima la moto hewani. Duara hilo halikuwapo. Jicho lilikuwa bado limeshika alama ya mahali kijinga kilipopita punde, kabla alama haijafutika. Mwaka 1960 Mmarekani aitwaye George Sperling alilipima jambo hili. Aliwaonyesha watu herufi 12 katika mistari mitatu kwa sehemu moja ya ishirini ya sekunde tu. Walipoambiwa wazitaje zote, waliweza nne au tano. Lakini mlio ulipowaelekeza mara moja wataje mstari mmoja tu, waliweza kutaja sehemu kubwa ya mstari wowote walioelekezwa. Maana yake ni kwamba herufi zote zilikuwa zimeingia, ila zilifutika wakati wenyewe wakiwa bado wanataja zile za kwanza. Ndivyo mengi ya dunia yanavyotupita. Tusichokiangalia kwa makini hakifiki hata uani.

Kituo cha pili ni huo uani. Hapa panakaa yale tunayoyashika kwa sasa hivi: namba ya simu tuliyotajiwa kabla ya kuiandika, mwanzo wa sentensi mpaka tufike mwisho wake. Pana nafasi ndogo sana. George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba ni vitu kama saba hivi, na Nelson Cowan, mwaka 2001, akapunguza mpaka karibu vinne. Tena havikai. Mwaka 1959 Lloyd Peterson na mkewe Margaret waliwapa watu herufi tatu tu wazishike, huku wakihesabu kwa sauti kurudi nyuma ili wasipate nafasi ya kuzirudia moyoni. Baada ya sekunde 18, herufi zilikuwa karibu zote zimepotea. Na watu hao walikuwa vijana wazima, hawana ugonjwa wowote.

(Hapa tunaomba ruhusa ya kusema neno kwa wazazi. Unamtuma mtoto dukani kwa pumzi moja: chumvi, kiberiti, sabuni ya kipande, mafuta ya kula robo, na chenji uirudishe, na umwambie mama Fulani naja kesho. Njiani anakuta wenzake wanacheza mpira. Akirudi na chumvi tupu unashika fimbo. Fimbo hiyo ni ya nani?)

Kituo cha tatu ni ghala. Yaliyoingia humo yanaweza kukaa miaka 70 au 80. Lakini hakuna hindi linaloingia ghalani kwa miguu yake. Yupo mchukuzi, na kwa bibi yetu huyo mchukuzi ndiye kiini cha habari. Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, moja kila upande, zipo sehemu mbili ndogo zilizojikunja. Madaktari huziita hipokampasi, jina la samaki wa baharini mwenye kichwa kama cha farasi, kwa vile zinafanana naye. Kazi yake ilijulikana vizuri kwa msiba wa mtu mmoja.

Mtu huyo ni Henry Molaison, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1926 na kusumbuliwa vibaya na kifafa. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, daktari William Scoville alimpasua katika mji wa Hartford, akaondoa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Kifafa kilipungua sana. Ila kuanzia siku ile, karibu hakuna jambo jipya lililoingia ghalani mwake. Mtaalamu Brenda Milner, aliyekuwa akifanya kazi Montreal huko Kanada, alimpima kwa miaka mingi. Henry aliongea naye vizuri, kwa adabu na akili timamu. Milner akitoka chumbani na kurudi baadaye, Henry alimpokea kama mgeni ambaye hajapata kumwona. Lakini ya utotoni aliyakumbuka, na wazazi wake aliwakumbuka. Ukimpa namba aishike, aliishika muda wote alipokuwa akiirudiarudia. Ukimkatiza kwa neno jingine, namba ilipotea, na hata kwamba aliwahi kupewa namba hakujua. Aliishi hivyo miaka 55, mpaka alipofariki mwaka 2008.

Sasa turudi kwenye uji. Mwaka 1998 Paul Rozin na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la wagonjwa wawili waliopoteza uwezo wa kuweka mambo mapya, kama Henry. Waliwapa chakula cha mchana, wakala wakamaliza. Baada ya dakika 10 mpaka 30 wakawaletea chakula kingine kamili, kana kwamba cha kwanza hakikuwapo. Wakala tena. Wakaletewa cha tatu, na mara nyingi wakaanza kukila nacho! Hawakuwa walafi. Walikaa mezani kama mtu yeyote anayefika saa yake ya kula.

Tunawaomba wasomaji wasilipite jambo hili haraka. Sisi hudhani tumbo ndilo linalotuambia tumekula. Kumbe kwa sehemu kubwa ni kumbukumbu. Anayesahau kwamba amekula hajui kwamba amekula, kama vile wewe usivyojua kilicholiwa jana katika nyumba ya tano kutoka kwako. Bibi akitafuta uji wa asubuhi ghalani, haupati. Kwake yeye uji huo haukupikwa. Akisema hajala, anakuwa shahidi mwaminifu wa ghala lisilopokea kitu.

Na mahari? Mahari iliingia ghalani wakati mchukuzi akiwa na nguvu zake, ikasimuliwa mara mia katika maisha yake, ikashika mizizi. Mfaransa Théodule Ribot aliandika mwaka 1881 kwamba kumbukumbu zinapoharibika, mpya ndizo hutangulia kupotea na za zamani hudumu zaidi. Ugonjwa unaoleta hali hii kwa wazee wengi kuliko mwingine wowote una jina la Mjerumani Alois Alzheimer, aliyeueleza mbele ya madaktari wenzake mwaka 1906. Katika ugonjwa huo, sehemu ile ya mchukuzi ni kati ya zile zinazoharibika mapema kabisa. Kwa hiyo kukumbuka mahari na kusahau uji hakumtii bibi hatiani. Ni dalili ya ugonjwa wenyewe, tena dalili inayojulikana sana.

Hapa ndipo tunapowageukia wageni na wana walio mbali. Mgeni anakaa robo saa, anapiga soga na bibi, anacheka naye, halafu anatoka akisema: "Mbona mama ni mzima kabisa? Huyu mkwe ana lake jambo." Mazungumzo ya robo saa yanakwenda kwa kituo cha pili na kwa ghala la zamani, na vyote viwili bibi bado anavyo. Pengo halionekani mpaka ukae naye kutwa. Simu ndiyo mbaya zaidi, maana ya dakika tano mtu yeyote anaiweza. Kijana unayetuma fedha kila mwezi, tunakusifu, lakini usimhukumu mkeo kwa ushahidi wa simu. Njoo ukae wiki mbili.

Liko pia kundi la tatu ambalo halisemi kwa sauti. Bibi anaamka saa kumi za usiku, anafungua mlango, anatoka. Anakutwa amesimama mlangoni kwa jirani, pengine hana nguo ya kutosha, anaita jina la dada yake aliyekufa zamani. Watu wanaulizana kwa kunong'ona, anafanya nini pale saa ile? Jibu letu ni kwamba anatafuta kwao. Nyumba anayoijua ni ile iliyomo ghalani, ya baba yake, na hii aliyolala leo anaiona ngeni. Katika nchi yetu, na hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa, akina mama wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Wengine walihukumiwa kwa macho mekundu tu, yaliyoiva kwa moshi wa jikoni wa miaka 50. Kwa hiyo kunong'ona huko si mzaha. Akikutwa nje, mshike mkono, mpe khanga ajifunike, mrudishe kwake.

Hata hivyo tusiende upande wa pili tukadhani kila mzee anayesahau ana ugonjwa huo. Kutafuta miwani iliyo kichwani, kukwama kwa jina la mtu na kulipata jioni, hayo ni mambo ya umri. Na mara nyingine mlango uliofungwa ni ule wa kwanza kabisa. Masikio yamejaa nta, jicho lina mtoto wa jicho, maneno hayakuingia, nasi tunasema amesahau. Mmoja wetu alimkaripia mama yake mzazi kwa miezi kadhaa, "Mama, nimekuambia mara tano!", mpaka siku mganga wa zahanati alipomsafisha masikio. Bado anaona haya akilisimulia.

Kwa sababu hiyo bibi apelekwe hospitali kwanza, kabla familia haijakata shauri lolote. Zipo sababu za kusahau ambazo zinatibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kufanya kazi kwa ulegevu, huzuni nzito baada ya kufiwa, kaswende ya siku nyingi, virusi vya UKIMWI, pombe, dawa za usingizi, na damu inayovuja polepole ndani ya fuvu baada ya kuanguka, hata kama alianguka wiki kadhaa zilizopita na akainuka akasema hakuumia. Mkieleza kwa daktari, semeni yalianza lini. Kusahau kunakokuja kwa miezi na miaka ni tofauti na mzee aliyelala mzima akaamka anaweweseka. Huyo wa pili anaweza kuwa na malaria, homa ya mapafu, maambukizo ya njia ya mkojo, sukari iliyoshuka au kiharusi, na asingoje kesho. Ugonjwa wa Alzheimer wenyewe mpaka leo hauna dawa ya kuuponya. Zipo dawa zinazowasaidia baadhi ya wagonjwa kidogo kwa muda, na daktari ndiye wa kusema kama zinafaa.

Nyumbani je? Kwanza, msishindane naye. "Si umekula sasa hivi!" ni maneno yasiyosaidia, kwa sababu unamtaka athibitishe kitu ambacho hanacho. Anachosikia ni kwamba ananyimwa chakula na kuitwa mwongo kwa wakati mmoja. Mwambie, "Haya mama, nakuletea," kisha mpe kidogo, nusu kikombe cha chai au kipande cha kiazi. Tena mwanzoni usimpe uji wote mara moja. Gawa, ili nusu ibaki ya kumpa akidai. Akila, watu wengine nao wale pamoja naye, na bakuli lisikimbiliwe kuoshwa, likae pale alipo aweze kuliona.

Jambo la hatari zaidi kuliko uji ni dawa. Mzee aliyesahau kwamba amekula atasahau pia kwamba amemeza kidonge, na atameza kingine, na kingine tena. Kwa dawa za shinikizo la damu au za kisukari hilo linaweza kumwua. Pakiti ya dawa isikae chini ya mto wake. Aishike mwingine, naye ahakikishe kwa macho kwamba kimemezwa. Hali kadhalika moto wa jiko usiachwe mikononi mwake peke yake.

Lakini msimnyang'anye kila kazi. Milner alimfundisha Henry kuchora nyota huku akiutazama mkono wake katika kioo, jambo gumu kwa mtu yeyote. Siku ya tatu Henry alichora vizuri kabisa, na bado akasema hajapata kulifanya jambo hilo maishani. Mikono ina ghala lake, na mchukuzi wake ni mwingine. Ndiyo maana bibi asiyejua leo ni siku gani anaweza kuchambua mchele bila kuacha jiwe, kusuka ukili, kupukuchua mahindi, na kusali rozari mpaka mwisho. Mpeni hizo kazi. Mzee aliyekaa bure kutwa ndiye anayeanza kuuliza uji.

Yule mume aliyepiga simu alikuja nyumbani wakati wa likizo ya Pasaka. Siku ya pili alimchukulia mama yake ugali na samaki kwa mkono wake mwenyewe, wakala sahani moja. Akakaa naye kivulini akimsimulia habari za mjini. Haikupita nusu saa, mama akamgusa goti, akamwambia polepole ili mkwe asisikie: "Baba, watu wa hapa hawanipi chakula." Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaingia jikoni kwa mkewe, na waliyozungumza huko hatukuambiwa. Siku hizi bibi hupata uji saa moja, na chai yenye kipande cha kiazi saa nne. Jirani bado hajaja kuomba radhi.